Bunduki ya Mtu wa Kipato Kidogo

Nimetafakari mara nyingi jinsi vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, vilivyowaonyesha Waingereza kuwa shabaha ya askari wao ilikuwa hafifu. Mwaka 1901 chama cha vilabu vya wafanyakazi vya kulenga shabaha kikaundwa, na Lord Roberts, jemadari wa vita hivyo hivyo, akawa mtetezi wake mkubwa. Lakini mfanyakazi wa kiwandani angepata wapi fedha za risasi za jeshi, na uwanja wa mamia ya yadi?

Jibu lilikuwa risasi ya inchi 0.22: baruti kiduchu, mshindo mdogo, bei nafuu. Yadi 25 zilitosha, hata ukumbini. Kwa silaha, wengi walitumia Martini, bunduki iliyoingia jeshini mwaka 1871 na kupitwa na wakati, sasa ikiwa na mtutu wa tundu dogo. Huingia risasi moja tu kwa mara. Wapo wanaoiona kasoro. Mimi ningeichagua hiyo hiyo, maana mwenye risasi moja hutulia kabla ya kufyatua.

Linalonikera ni jingine. Mchezo huu wa watu wa kima cha chini ulihimizwa ili wawe tayari kwa vita, na mwaka 1914 vita vikaja.