Pwani ya Karthago na Mawe Yake Yaliyobebwa

Twaeni ramani ya Afrika, mkapeleke kidole juu kabisa, upande wa kaskazini, hata kifike nchi ya Tunisia. Hapo bara letu linakoma. Rasi Angela, karibu na mji wa Bizerte, ndiyo ncha ya Afrika iliyo kaskazini kuliko zote. Mbele yake ni Bahari ya Mediteranea, na ng'ambo ni kisiwa cha Sardinia.

Kila mwaka wageni wengi huenda kuitembelea pwani ile. Wanafuata jua lake, mchanga wake mweupe, na chemchemi za maji ya moto za Korbous zinazotiririka mpaka baharini. Hawakosei, maana nchi ni nzuri. Ghuba ya Tunis imejikunja kama mkono unaokumbatia maji, na upande wa pili wa ghuba unasimama mlima wa Bou Kornine wenye vilele viwili kama pembe. Lakini leo tuitazame pwani hiyo kwa habari ya mawe yake. Ndiyo yatakayotufundisha jinsi mali ya mababu inavyopotea, na jinsi inavyookoka.

Nasi watu wa Tanganyika na Kivu si wageni kabisa kwa habari za huko. Mapadri Weupe waliofika Ujiji mwaka 1879, wakapokea kituo cha Mpala mwaka 1885, walitumwa na Kardinali Lavigerie. Huyo alikuwa Askofu Mkuu wa Alger, na tangu mwaka 1884 wa Karthago pia. Wengi wa mapadri waliofundisha babu zetu walikuwa wamesoma teolojia yao Karthago, juu ya kilima cha Byrsa, mbele ya bahari ile.

Mji Mpya wa watu wa Tiro

Je, Karthago ulianzishwa na nani? Mapokeo yanasema ulijengwa mwaka 814 kabla ya Kristu na Wafoinike wa mji wa Tiro, ule unaotajwa katika Biblia, wakiongozwa na malkia Elissa. Wakauita Qart Hadasht, maana yake Mji Mpya. Wasimulizi wa kale wanasema malkia aliomba nchi inayoenea ngozi moja tu ya ng'ombe. Alipokubaliwa, akaikata ngozi kuwa ukanda mwembamba, mrefu sana, akauzungusha kilima kizima. Hiyo ni hadithi. Lililo hakika ni kwamba watu hao walikuwa mabaharia na wafanyabiashara, wakatawala njia nyingi za bahari ile kwa muda wa karne nyingi.

Bandari zao zingali zinaonekana. Ni maziwa mawili madogo kando ya bahari. Moja lilikuwa la merikebu za biashara. La pili lilikuwa la merikebu za vita, nalo ni la mviringo, lina kisiwa katikati. Mwandishi wa kale Appianus anasema palikuwa na nafasi ya merikebu 220. Mgeni asiyeambiwa atadhani ni mabwawa ya samaki tu.

Karthago ulipigana na Roma vita vitatu vikubwa. Katika vita vya pili jemadari Hannibal alivuka milima ya Alpi pamoja na tembo wake, akaitisha Roma yenyewe. Lakini mwaka 146 kabla ya Kristu, baada ya kuuzingira mji miaka mitatu, Waroma waliuteketeza. Appianus anaeleza kwamba watu 50,000 walitoka ngomeni wakisihi wasiuawe, wakawa watumwa. Watu wengi husema Waroma walimwaga chumvi juu ya nchi ile ili isiote kitu. Jambo hilo halimo katika maandiko ya watu wa kale. Lilizushwa na waandishi wa siku za karibu. Kwa kweli Waroma hawakuiharibu ardhi ile. Muda haukupita mrefu wakairudia wenyewe, maana ilikuwa na rutuba nyingi.

Mji uliosahauliwa ukaokoka

Hapa kuna ajabu moja. Katika rasi ya Cap Bon, mashariki ya ghuba, palikuwa na mji mdogo wa watu wale wale wa Karthago, uitwao leo Kerkouane. Uliachwa katikati ya karne ya tatu kabla ya Kristu, wakati wa vita vya kwanza na Roma, na hakuna aliyejenga tena juu yake. Mchanga na majani vikaufunika, hata ukavumbuliwa mwaka 1952.

Wachimbaji walikuta nini? Njia zilizonyoka, misingi ya nyumba, sakafu nyekundu zilizotiwa vijiwe vyeupe, na katika nyumba nyingi bafu dogo la kuogea mtu akiwa ameketi. Penye kizingiti cha nyumba moja imo alama ya mungu mke Tanit, imetengenezwa kwa vijiwe vyeupe. Basi mji mkuu uliotawala bahari umebakiza machache sana ya siku zile, na kijiji chake kimebakiza mengi. Karthago kila mtu aliutaka, na Kerkouane hakuna aliyeutaka. Hiyo ndiyo sababu.

Hata katika Karthago mambo yalikuwa hivyo mahali pamoja. Waroma walipojenga upya juu ya Byrsa, walikata kichwa cha kilima wapate uwanja sawa, na udongo wakausukuma kandokando. Udongo ule ulifunika nyumba za zamani zilizokuwa mteremkoni. Wachimbaji wa miaka ya 1970 walipouondoa, walikuta kuta na vijia vya siku za Hannibal. Waliokusudia kufuta, kumbe walihifadhi.

Karthago wa Waroma na wa Wakristu

Mji wa pili ulikuwa mkubwa na wa fahari. Katikati ya karne ya pili walijenga kando ya bahari hamamu za Antoninus, kubwa kuliko zote walizojenga katika Afrika. Maji ya mji yalitoka mlima wa Zaghouan kwa mfereji wenye urefu wa kilometa 132, mahali pengine chini ya ardhi, mahali pengine juu ya matao marefu ya mawe. Matao hayo yangali yamesimama mashambani, wachungaji wakipitisha kondoo chini yake.

Katika mji huo Perpetua na Felisita waliuawa mwaka 203 kwa ajili ya imani. Perpetua alikuwa mama mwenye mtoto anyonyaye, na Felisita mtumwa aliyejifungua siku chache tu kabla ya kufa. Hapo Askofu Sipriani alikatwa kichwa mwaka 258. Hapo Agostino alisoma ujanani, kisha akafundisha. Msisahau kwamba hao wote ni wana wa Afrika.

Mwaka 439 Wavandali waliuteka mji, mwaka 533 watu wa Konstantinopoli, na mwaka 698 Waarabu. Tangu hapo Tunis ulikua, na Karthago ukapungua.

Mawe yanaanza safari

Mtu anayejenga nyumba, akikuta mawe yaliyochongwa tayari, je, atakwenda mlimani kuvunja mwamba? Hata kidogo. Watu wa Tunis walikuwa na Karthago karibu, kilometa zisizofika 20. Wakachukua nguzo, wakachukua mawe ya kuta, wakachukua marumaru wakaichoma kupata chokaa. Kazi hiyo iliendelea karne nyingi.

Tusiwahukumu upesi. Ingieni katika msikiti mkuu wa Tunis uitwao Zaytuna, mtaona nguzo nyingi zilizotoka Karthago, nyingine zikiwa na vichwa vya namna mbalimbali, maana zilitoka katika majengo mbalimbali. Nguzo hizo zimebeba paa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na watu wanasali chini yake. Zimehama, hazikufa. Jiwe lililochomwa kuwa chokaa, hilo ndilo lililokufa.

Katika karne ya kumi na tisa wakaja wabebaji wengine, watu wa Ulaya. Mwingereza Nathan Davis alichimba tangu mwaka 1856, na sakafu nzuri za vijiwe vya rangi zikapelekwa London. Mfaransa Evariste de Sainte-Marie alipata mawe ya nadhiri zaidi ya 2,000, ambayo watu wa Karthago walikuwa wameyasimamisha kwa heshima ya miungu yao. Yakapakiwa katika manowari Magenta ili yapelekwe Paris. Tarehe 31 Oktoba 1875 manowari hiyo ilishika moto katika bandari ya Toulon, ikalipuka, ikazama pamoja na mzigo wake. Mengine yaliopolewa baadaye, mengine hayakuonekana tena. Mawe hayo yalivumilia moto wa Waroma na karne ishirini za udongo, yakaja kuzama kwa sababu yaliondolewa kwao.

Mwaka ule ule wa 1875 Lavigerie alimtuma Karthago padri kijana, Alfred-Louis Delattre. Padri huyo alikaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1932. Alichimba makaburi na makanisa ya kale, akaandika habari za alivyovipata, akavikusanya katika nyumba ya makumbusho pale pale Byrsa. Katika magofu ya kanisa moja alipata jiwe lililovunjika vipande vipande. Vilipounganishwa yakasomeka majina ya Perpetua na Felisita. Wataalamu wa leo wana njia bora za kuchimba kuliko zake. Lakini alitambua jambo lililo kubwa: vitu vikae karibu na mahali vilipotoka, na kila kitu kiandikwe. Wazee wa pwani yetu ya mashariki wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenyewe wanaamua

Kando ya Karthago, juu ya mwamba unaotazama bahari, kiko kijiji cha Sidi Bou Said, kilichopewa jina la mtu wa dini aliyefariki mwaka 1231. Nyumba zake zote ni nyeupe, milango na madirisha buluu. Mgeni hudhani ni desturi tu. Kumbe ni sheria vilevile. Mwaka 1915, kwa bidii ya Rodolphe d'Erlanger, mchoraji na mpenda muziki aliyejenga jumba lake hapo, ilitolewa amri ya kulinda sura ya kijiji. Basi uzuri ule unaopigwa picha kila siku ulindwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa wakati wake.

Tunisia ilipata uhuru wake mwaka 1956. Mwaka 1964, kwa mapatano na Roma, kanisa kuu la Byrsa lililofunguliwa mwaka 1890 lilikabidhiwa kwa serikali. Siku hizi halina misa, ila watu wamesikiliza muziki humo. Mwili wa Lavigerie, aliyekuwa amezikwa ndani yake, ulihamishwa Roma mwaka ule ule. Mwaka 1972 UNESCO iliziita nchi nyingi kusaidia kuokoa Karthago, kwa kuwa nyumba mpya za Tunis zilikuwa zinaelekea kuyafunika magofu. Mwaka 1979 Karthago uliandikwa katika urithi wa dunia. Mwaka 1985 serikali ilitenga eneo kubwa lisijengwe. Hata hivyo, baadaye viwanja vingine viliondolewa katika ulinzi huo, vikapewa wenye nguvu. Baada ya mapinduzi ya mwaka 2011 uamuzi huo ulifutwa. Mnaona kwamba vita vya Karthago havijaisha. Zamani adui alikuja kwa merikebu. Leo anakuja na hati ya kiwanja mkononi.

Ziwa nalo ni urithi

Mambo ya mawe ndiyo ya maji pia. Karibu na Bizerte kuna ziwa liitwalo Ichkeul, chini ya mlima wenye jina hilohilo. Wakati wa baridi mvua hunyesha, mito huleta maji matamu. Wakati wa kiangazi ziwa hupungua, na maji ya chumvi huingia. Kwa mabadiliko hayo huota majani ya majini, na ndege maelfu kwa maelfu, bata na mabata bukini, hutoka Ulaya kuja kula na kukaa hapo wakati wa baridi.

Kisha watu walijenga mabwawa makubwa juu ya mito, wapate maji ya miji na mashamba. Ziwa likakosa maji matamu, chumvi ikazidi, majani yakafa, ndege wakapungua. Mwaka 1996 UNESCO ililitia ziwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Baadaye mvua nzuri zilirudi, na maji zaidi yakaachiliwa yashuke, hata mwaka 2006 likaondolewa katika orodha hiyo. Lakini kila mwaka wa ukame unarudisha swali lile lile: tuwape maji wenye mashamba, au tuliachie ziwa? Si swali jepesi, maana mwenye shamba naye ana watoto.

Basi, ndugu wasomaji, pwani ya Karthago inatufundisha nini? Urithi hauondolewi na maadui tu. Unaondolewa zaidi na watu wema wenye haja ya leo: huyu ahitaji jiwe, yule kiwanja, mwingine maji. Kila mmoja huchukua kidogo, na hakuna anayejiona mharibifu. Nacho kilichobaki kimebaki kwa sababu udongo ulikifunika, au kwa sababu mtu alisema kwa wakati wake: hiki tukiache hapa, na tukiandike. Kufunikwa na udongo hatuwezi kukutegemea. Kusema na kuandika, hayo yako mikononi mwetu.