Besiboli ya vyuo vikuu Japani: Ligi ambayo timu ya mwisho haishuki daraja

Katika ligi kuu ya kandanda ya Burundi, timu zinazoburura mkia hushuka daraja. Ligi kongwe ya besiboli ya vyuo vikuu nchini Japani haina adhabu hiyo. Ligi hiyo ya Vyuo Vikuu Sita vya Tokyo ilitimia mwaka 1925, Chuo Kikuu cha Tokyo kilipojiunga na Waseda, Keio, Meiji, Hosei na Rikkyo. Tangu hapo haijaongeza wala kupunguza mwanachama.

Misimu ni miwili kwa mwaka, mmoja kuanzia Aprili, mwingine Septemba, katika uwanja wa Meiji Jingu. Timu inayotangulia kumshinda mpinzani wake mara mbili hupata pointi moja, na wingi wa pointi ndio huamua bingwa. Chuo cha Tokyo, kinachosifika zaidi kwa ugumu wa mtihani wake wa kujiunga, hakijawahi kutwaa ubingwa. Kati ya 2010 na 2015 kilifungwa mechi 94 bila ushindi hata mmoja, na nafasi yake ikabaki palepale.

Ligi jirani ya Tohto ni kali zaidi: ina madaraja, na timu ya mwisho hulazimika kuitetea nafasi yake dhidi ya bingwa wa daraja la chini. Nchi nzima ina ligi 26, na mabingwa wake hukutana Tokyo kila Juni kuwania taji la taifa.