Maksai wa Ukambani na ng'ombe walioitwa wa ziada

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliwaambia Wakamba wa Machakos kwamba ng'ombe wao wamezidi. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli; Colin Maher, ofisa wa kilimo, alikuwa ameuandikia ripoti mwaka uliotangulia. Lakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwanyang'anya watu mifugo. Ng'ombe walipigwa mnada kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kilikuwa kinawasubiri. Malisho ya vilima vya Mua yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na walowezi, na Yatta ilikuwa imetangazwa kuwa ardhi ya serikali. Watu waliosongamanishwa kwenye eneo dogo wakalaumiwa kwa kulimaliza.

Mkamba mmoja, Muindi Mbingu, akaongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wakidai kumwona gavana. Yeye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyang'anyi ulisitishwa. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake.

Kisa hiki husimuliwa kama cha siasa, na ni haki. Ila kuna upande wa shambani ambao hautajwi vya kutosha. Plau lilikuwa limeingia Ukambani tangu miongo ya kwanza ya karne ya 20, na vijana waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi walijua namna ya kulitumia. Kufikia miaka ya 1930 maplau bado yalikuwa machache, lakini kwa aliyekuwa nalo, ng'ombe hakuwa tena mahari na maziwa tu. Alikuwa nguvu ya kulimia. Ofisa aliyehesabu vichwa zizini hakuihesabu nguvu hiyo, na hilo naliona kosa lake kubwa zaidi.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari wa Kikamba walirudi na akiba zao, na wengi wakanunua plau. Kisha, miaka ya 1950, vilima vikachimbwa matuta, kazi iliyobebwa kwa sehemu kubwa na vikundi vya wanawake vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi. Hapo kilimo cha maksai kikabadilika sura. Zamani plau lilivutwa na kundi la maksai kadhaa; kwenye tuta jembamba la fanya juu, ambalo udongo wake hutupwa upande wa juu, kundi hilo halina pa kugeukia. Wakabaki wawili waliofundwa vizuri, chini ya nira moja. Mtoto hutangulia akiwaongoza, mtu mzima hushika mpini nyuma, na mwingine hufuata akidondosha mbegu ndani ya mfuo. Plau likirudi na mfuo wa pili, udongo wake hufunika mbegu za ule wa kwanza. Mahindi yakisha kuota kwa mistari, plau lilelile hupitishwa katikati kupalilia.

Ugumu uko kwenye majira. Mvua inayotegemewa zaidi Ukambani ni ya vuli, nayo huja baada ya miezi ya ukame, wakati maksai wamekonda mbavu zikihesabika. Ndiyo maana mabua hayaachwi shambani: hukatwa, hutundikwa juu ya miti au kupangwa karibu na zizi, wapewe maksai kabla ya kulima. Wengine hulima na kupanda udongo ungali mkavu, ili tone la kwanza liikute mbegu ardhini. Mbegu ya mahindi ya Katumani, iliyotolewa mwaka 1968 na kituo kilicho karibu na mji wa Machakos, huwahi kukomaa kabla mvua haijakatika, lakini kwa mkulima aliyechelewa kulima faida hiyo hupungua. Asiye na maksai hungoja jirani amalize kwake kwanza, na katika mvua fupi namna hiyo, wiki moja ya kungoja hupunguza magunia.

Wanaume walipozidi kwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, mpini wa plau ulishikwa na wake zao, ingawa kulima kwa ng'ombe kulianza kama kazi ya kiume. Wakaongeza na punda, anayestahimili kiangazi kuliko ng'ombe na ambaye jioni hubeba maji.