Kwa nini risasi iliyotoka polepole ilifika mbali zaidi?

Risasi ikishatoka kwenye mtutu, kazi ya baruti imeisha. Hakuna kinachoisukuma tena. Hewa inaipunguzia kasi na mvutano wa dunia unaishusha chini. Sasa itafika wapi? Jibu linategemea sana vitu viwili: uzito wake na umbo lake. (Hapa risasi ni kile kipande kinachoruka, si ganda linalobaki kwa mpigaji.)

Hewa ina nguvu kiasi gani?

Wengi huidharau hewa. Chukua risasi ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1906. Ilikuwa na uzito wa gramu 9.7 na ilitoka kwa kasi ya takriban mita 823 kwa sekunde. Kama kusingekuwa na hewa, ingeweza kwenda karibu kilomita 69. Lakini kwenye hewa ya kawaida, mwisho wake ulikuwa kilomita 3.1 hivi.

Sababu ni kwamba hewa hukinza zaidi kadiri kitu kinavyokwenda mbio. Kwa kawaida kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka takriban mara nne. Na risasi inayopita kasi ya sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde, hutengeneza mawimbi ya mshtuko yanayoifyonza nguvu zaidi.

Uzito unasaidia nini?

Rusha mpira wa tenisi ya mezani, kisha rusha limau la ukubwa uleule. Mpira unaishiwa nguvu hapo hapo, limau linaendelea. Hewa imevikinza vyote karibu sawa, ila limau ni zito, kwa hiyo si rahisi kulipunguza kasi.

Ndivyo ilivyo kwa risasi. Mbili zenye unene sawa na umbo linalofanana, iliyo nzito hutunza kasi yake vizuri zaidi. Lakini uzito una gharama: kwa kiasi kilekile cha baruti, risasi nzito hutoka polepole. Kwa hiyo kwa shabaha ya karibu, nyepesi yenye mbio huwahi na hushuka kidogo. Kwa umbali mrefu, nzito huipita.

Ncha na kitako

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, risasi nyingi za majeshi zilikuwa na pua butu ya mviringo. Ufaransa ilibadili mwaka 1898 kwa kuleta risasi yenye ncha kali. Ujerumani ikafuata mwaka 1905, Marekani 1906 na Uingereza 1910.

Ncha kali hupasua hewa kama omo la mashua linavyopasua maji. Faida yake ni kubwa hasa risasi inapokwenda kasi kuliko sauti, maana wakati huo ukinzani mwingi unatoka mbele.

Kitako nacho kina kazi yake. Nyuma ya kitako kilichokatwa bapa hubaki eneo lenye hewa hafifu, ambalo huivuta risasi kurudi nyuma. Kitako kikipunguzwa unene kama tezi la mashua, mvuto huo hupungua. Faida hii huonekana zaidi mwishoni mwa safari, kasi inaposhuka chini ya ile ya sauti.

Wataalamu huunganisha uzito, unene na umbo katika namba moja inayoitwa koefisienti ya balistiki. Ikiwa kubwa, risasi haisumbuliwi sana na hewa.

Risasi iliyozidi uwanja

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani waligundua kwamba risasi yao ya 1906, yenye kitako bapa, haifiki mbali kama walivyodhani. Uswisi tayari ilikuwa na risasi nzito yenye kitako chembamba tangu 1911. Katikati ya miaka ya 1920 Marekani nayo ikatoa ya aina hiyo, yenye uzito wa gramu 11.3 hivi.

Risasi mpya ilitoka polepole kidogo, takriban mita 805 kwa sekunde. Lakini ilifika karibu kilomita 5! Yaani ilianza nyuma, ikamaliza mbele kwa karibu kilomita mbili.

Hapo likaja tatizo ambalo halikutarajiwa. Viwanja vingi vya shabaha vilikuwa vimepimwa kwa risasi ya zamani. Risasi iliyokosa tuta la udongo sasa ingeweza kuvuka eneo la usalama. Mwishoni mwa miaka ya 1930 jeshi likarudi kwenye risasi nyepesi yenye kitako bapa. Bunduki zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni vipande hivyo vidogo tu.

Na ile inayopigwa juu?

"Amepiga risasi hewani" ni maneno yanayosikika kana kwamba risasi imepotea. Haijapotea, lazima itue mahali.

Mwaka 1920 huko Florida, afisa wa jeshi la Marekani Julian Hatcher alisimamia majaribio ya kupiga risasi wima kwenda juu. Zaidi ya 500 zilipigwa, na 4 tu ndizo zilizoangukia jukwaa la wapimaji. Zilirudi zikitanguliza kitako, kwa kasi ya takriban mita 90 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo ukilinganisha na ya kutokea mtutuni, lakini inatosha kupenya ngozi.

Inayopigwa kwa kuinamisha bunduki ni mbaya zaidi. Haisimami juu kabisa. Huendelea kuzunguka na kutanguliza ncha, hivyo hutua ikiwa na kasi kubwa. Umbo lililoundwa kuifikisha mbali ndilo linaloifanya iwe hatari kwa mtu asiyejua hata kama bunduki imelia.

Puerto Rico, katika sherehe za kuupokea mwaka 2004, watu 19 walijeruhiwa na risasi zinazoaminika kupigwa kwa kushangilia, na mmoja wao akafariki. Jimbo la Arizona, Marekani, lilifanya kupiga risasi hovyo ndani ya mji kuwa kosa kubwa la jinai tangu mwaka 2000, baada ya msichana wa miaka 14 kuuawa na risasi iliyotoka angani.

Ndiyo maana kanuni ya kila kiwanja cha shabaha ni moja: kabla ya kufyatua, jua risasi itaishia wapi.