Mbwa, Chombo na Agano: Mbwa Wawili wa Mapokeo katika Nchi ya Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Ukiwataka wanafunzi wa fasihi wamtaje mbwa mashuhuri, aghalabu watamtaja Argos, mbwa wa Odysseus, ambaye katika kitabu cha 17 cha utenzi wa Homer alimtambua bwana wake aliyerejea baada ya miaka 20, akatikisa mkia, akafa. Wengine watamtaja Hachikō wa Japani, aliyeendelea kwenda kumngoja bwana wake katika stesheni ya Shibuya tangu bwana huyo alipofariki mwaka 1925 hadi yeye mwenyewe alipokufa mwaka 1935. Wengine watamkumbuka Laika, aliyerushwa angani na Warusi tarehe 3 Novemba 1957 bila ya mpango wowote wa kumrudisha. Na waliosoma chuoni watamtaja mbwa wa Watu wa Pangoni, ambaye habari zake zimo katika Sura ya 18 ya Kurani, na ambaye wafasiri humwita Kitmiri.

Ni nadra mwanafunzi, hata yule aliyelelewa Kitale au Bungoma, kumtaja mbwa wa kwao. Sababu si kwamba mbwa hao hawapo. Mapokeo ya magharibi mwa Kenya yanao angalau mbwa wawili ambao kazi waliyoifanya ni kubwa kuliko ile ya Argos. Mmoja ndiye aliyewaletea wanadamu kifo, na wa pili ndiye aliyekatwa vipande viwili ili vita viishe. Tofauti ni kwamba mbwa hawa hawana majina, na jambo lisilo na jina husahauliwa upesi na watungaji wa mihtasari ya shule.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba visa vyote viwili vinahusu swali moja, nalo ni masharti ya kumpokea asiye wa nyumbani. Pili, kwamba kisa kimoja kilivuka mpaka wa lugha na kingine hakikuvuka, na kwamba hali hiyo haikutokea kwa bahati tu.

2. Mahali na maneno yake

Mtaa wa Tuwan umo mjini Kitale, mji uliokua kwa haraka baada ya tawi la reli kuufikia mwaka 1926. Mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yaliwavuta vibarua kutoka pande zote, na baada ya uhuru ardhi hiyo ikapata wakazi wapya. Kwa hiyo katika eneo hili msemaji wa Kibukusu hukaa jirani na msemaji wa Kinandi, wa Kisabaoti, wa Kiturkana au wa Kiteso, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Upande wa magharibi ni Bungoma, nchi ya Wabukusu, na juu yao wote ni Mlima Elgon.

Neno lenyewe la mbwa linatupa ramani ya historia hiyo. Mbukusu husema *embwa*, na kwa wingi *chimbwa*. Mzizi wake ni ule ule wa Kiswahili, nao ni wa kale sana katika lugha za Kibantu. Mkalenjini husema *ng'okta*, Mturkana *ingok*, na Mjaluo *guok*. Maneno haya matatu yanaonyesha undugu wa lugha za Kiniloti, ingawa wasemaji wake leo hawaelewani. Hivyo basi, mtu akimwita mbwa wake katika kichochoro cha Tuwan, hutumia neno ambalo mababu zake walikuwa nalo kabla ya kuuona Mlima Elgon.

Ama kuhusu Kiswahili, sarufi yetu ina jambo la kuangaliwa. Twasema *ndugu yangu*, *baba yangu* na *rafiki yangu*, lakini *mbwa wangu*. Nomino zinazotaja jamaa hubaki na upatanisho wa ngeli yao katika kimilikishi, na wanyama hupewa upatanisho wa viumbe. Msemaji wa bara mara nyingi husema *mbwa yangu*, na mwalimu humsahihisha. Hatusemi kwamba mwalimu amekosea. Twasema tu kwamba kosa hilo, bila ya kukusudiwa, humtia mbwa katika jamaa, na kwamba ugomvi wa mbwa wa kwanza tutakayemzungumzia ulikuwa juu ya jambo hilo hilo.

3. Mbwa aliyenyimwa chombo

Kisasili hiki kimeandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909. Kwa muhtasari, hapo kale mbwa aliwajia watu akawaambia kwamba wote watakufa kama mwezi unavyokufa, lakini hawatafufuka kama mwezi, isipokuwa wampe maziwa katika kibuyu chao na pombe kwa mrija wao. Wakifanya hivyo, atawapangia warudi kuwa hai siku ya tatu baada ya kufa. Watu wakamcheka. Wakammiminia maziwa na pombe juu ya kigoda, akanywa hapo. Mbwa alikasirika kwa kuwa hakupewa kinywaji kama wanavyopewa watu. Alikunywa, lakini alipokwenda zake alitamka kwamba watu watakufa, na ni mwezi peke yake utakaorudi.

Yafaa tuangalie kwamba watu hawakumnyima mbwa kinywaji. Maziwa alipata na pombe alipata. Alichonyimwa ni chombo. Katika jamii ambamo wazee huketi kuzunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija, mrija ni uanachama. Mwenye kunywa kwa mrija ana neno katika kikao, na mwenye kumiminiwa pembeni hana. Kwa hiyo kosa la watu wa kisasili hiki si uchoyo. Kosa lao ni dharau, na dharau hiyo iliambatana na kicheko.

Sasa tukilinganishe na kisasili cha Wabukusu. Günter Wagner, aliyefanya utafiti katika Kavirondo ya Kaskazini katika miaka ya 1930, ameandika kwamba kwa Wabukusu aliyeleta kifo ni kinyonga. Alifika katika mji wa mwana wa Maina, akamkuta anakula, akamwomba chakula. Akanyimwa. Kinyonga akawalaani watu wafe. Kisha akaenda kwa nyoka, akapewa chakula, akambariki. Ndiyo maana nyoka hujivua gamba akaendelea kuishi.

Mnyama ni mwingine, lakini umbo ni moja: kiumbe duni anakuja mlangoni, anaomba, anadharauliwa, anaondoka na uhai wa watu wote. Pamoja na hayo, kuna tofauti isiyofaa kupuuzwa. Mwana wa Maina alinyima chakula chenyewe. Watu wa Kinandi walitoa kinywaji wakanyima heshima. Kisasili cha mbwa kimekwenda hatua moja mbele, maana kinakana kwamba kumshibisha mgeni kunatosha.

4. Mbwa aliyekatwa

Mbwa wa pili si wa hadithi bali wa desturi. Hollis ameeleza kwamba Wanandi walipofanya amani na maadui, mbwa alikatwa vipande viwili. Watu wawili, kila mmoja akiwakilisha upande wake, walishika kila mmoja kipande chake, na mtu wa tatu akatamka laana kwamba atakayeivunja amani hiyo na auawe kama mbwa huyu. C. W. Hobley, afisa wa utawala wa Kiingereza, naye aliieleza desturi ya aina hiyo kwa watu wa Kavirondo, jina ambalo waandishi wa wakati ule waliwapa Waluhya na Wajaluo wa upande wa ziwa: wajumbe wa pande mbili walishika nusu ya mbele na nusu ya nyuma ya mbwa, wakaapa.

James Frazer aliichukua mifano hii katika kitabu chake cha mwaka 1918 juu ya mapokeo ya Agano la Kale, akailinganisha na agano la Ibrahimu katika Mwanzo 15, ambako wanyama walipasuliwa vipande viwili. Mlinganisho huo una maana kwa mwanaisimu pia. Katika Kiebrania hufanyi agano, hukata agano. Kiswahili hukata shauri na hukata maneno, lakini kiapo hukila: twasema *kula kiapo* na *kula yamini*. Na udugu huchanjiwa. Kukata, kula na kuchanja ni vitendo vya mwili, na lugha inakumbuka kwamba ahadi kubwa haikuwa maneno matupu.

Kwa nini akatwe mbwa, na si mbuzi au ng'ombe? Jibu jepesi ni kwamba mbwa ni duni, na kifo chake ni kifo cha aibu, kwa hiyo laana inauma zaidi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Kama unyonge tu ndio uliotakiwa, viumbe duni ni wengi. Maoni yetu ni kwamba kuna sababu mbili zaidi. Ya kwanza, mbuzi na ng'ombe huliwa, na penye nyama pana ugawaji, na penye ugawaji pana ugomvi. Nyama ya mbwa haikuwa ya karamu, kwa hiyo hakuna upande uliofaidika. Ya pili, mbwa ndiye mlinzi wa mpaka wa boma, anayembwekea mgeni usiku. Kumkata mbele ya adui ni kusema kwamba kuanzia leo hatuhitaji wa kutubwekea ninyi. Haya ni maoni, na wenye maoni mengine wayalete.

5. Kilichovuka na kisichovuka

Inajulikana kwamba Wabukusu na Wakalenjini wamepeana mengi. Majina ya marika ya Kibukusu, kama vile Kolongolo, Kikwameti, Maina, Chuma na Sawa, yana wenzake dhahiri katika Kikalenjini: Korongoro, Kipkoimet, Maina, Chumo na Sawe. Mapokeo ya Wabukusu yenyewe hulihusisha jando lao na majirani hao, katika kisa cha shujaa Mango aliyemwua nyoka. Hapana shaka basi kwamba njia ya kupitishia mambo ilikuwako.

Hata hivyo kinyonga wa Wabukusu hakuondoka akampisha mbwa wa Wanandi. Kinyonga ni mjumbe wa kifo katika mapokeo ya Wabantu wengi, hadi kusini mwa Afrika. Huo ni urithi wa zamani. Kisasili cha asili ya kifo husimuliwa mekoni, kwa watoto wa nyumba moja, katika lugha moja. Hakihitaji mtu wa pili akielewe. Agano la amani ni kinyume chake. Haliwezi kufungwa ila kwa ishara ambayo pande zote mbili zinaisoma vile vile. Mbwa aliyekatwa alikuwa, kwa namna fulani, sentensi ambayo Mluhya na Mnandi waliweza kuisoma bila mkalimani. Ndiyo sababu desturi hii inapatikana pande zote mbili za mpaka wa lugha, na kisasili hakipatikani.

Kutokana na hayo, mtafiti anayepima ukopaji kati ya jamii asihesabu tu mambo yanayofanana. Aulize kila jambo lilitumiwa na nani mbele ya nani.

6. Chombo cha pwani

Msomaji wa pwani atauliza kama mambo haya yanamhusu. Yanamhusu. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hapa pia suala ni chombo. Lakini katika Hadithi zilizokusanywa na Bukhari kuna habari ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Na mbwa wa Pangoni, aliyenyosha miguu yake kizingitini, amehesabiwa pamoja na vijana wale: watu wakibishana idadi yao, kila hesabu inayotajwa humtia naye ndani.

Methali zetu nazo haziko upande mmoja. *Kijibwa* ni tusi la kisiasa lililovuma sana katika miaka ya kupigania uhuru, na *mbwa koko* ni mtu asiye na kwao. Lakini wahenga pia wamesema *mbwa hafi maji akiona ufuko*, na hapo mbwa ni mfano wa asiyekata tamaa.

7. Hitimisho

Tumeona mbwa aliyenyimwa mrija akaondoka na uzima, na mbwa aliyekatwa akaacha amani. Wa kwanza anaonya kwamba dharau kwa aliye mlangoni humrudia mwenye nyumba. Wa pili anaonyesha kwamba majirani wasioelewana kwa lugha waliweza kuelewana kwa agano. Mafunzo haya si ya makumbusho. Trans Nzoia na Bungoma ziliona mapigano ya kikabila mwaka 1991 na 1992, na Mlima Elgon ukaona mengine kati ya 2006 na 2008. Watu waliofukuzana walikuwa majirani waliokuwa wakinunuliana maziwa kwa Kiswahili.

Hatupendekezi mbwa akatwe tena. Twapendekeza maneno yaliyosemwa juu yake yakusanywe, katika Kinandi, Kisabaoti na Kibukusu, pamoja na tafsiri ya Kiswahili, na kutoka kwa wazee ambao bado wanayakumbuka. Frazer alipoyanukuu alichukua kitendo akaiacha lugha. Kazi iliyobaki ni yetu. Na mwanafunzi wa Tuwan atakapoulizwa tena kuhusu mbwa mashuhuri, amtaje Argos akipenda. Lakini amtaje pia yule aliyeomba kibuyu, akachekwa.