Kipimo cha mtoto tumboni: 99% maana yake nini?

Juzi usiku ubishi ulikuwa mkali chumbani kwetu. Mwenzangu alisoma kuhusu kipimo cha damu ya mama kinachoangalia kama mtoto tumboni ana hali ya Down, eti kinapatia 99%. Akasema, "Basi wakikuambia anayo, ujue 99% anayo." Nikamwambia hapana bwana. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa historia, nikaanza mbali kidogo.

Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake kule Ufaransa walionyesha kuwa mtu mwenye Down ana kromosomu ya 21 mara tatu badala ya mbili. Mwaka 1966 Steele na Breg, Marekani, wakaonyesha kuwa chembe za mtoto zilizomo kwenye maji yanayomzunguka tumboni zinaweza kukuzwa maabara, kromosomu zikahesabiwa. Lakini kuyapata maji hayo ni lazima mama achomwe sindano ndefu tumboni, na kuna hatari, japo ndogo, ya mimba kutoka. Ndiyo maana watu walitamani sana njia ya damu ya mkononi tu.

Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake wakachapisha kwenye jarida la Lancet kwamba DNA ya mtoto inaelea ndani ya damu ya mama. Walitafuta alama ya kiume kwenye plazma ya akina mama 30 wenye mimba za watoto wa kiume. Waliiona kwa 24. Kwa hiyo wavulana 6 walipitwa! Kukosea kulikuwepo tangu siku ya kwanza, na wenyewe waliandika wazi.

Mwaka 2011 kipimo kikaanza kuuzwa Hong Kong na Marekani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba DNA ile kwa sehemu kubwa inatoka kwenye kondo la nyuma, siyo kwa mtoto mwenyewe. Kondo linaweza kuwa na kasoro, mtoto akawa mzima kabisa. Au walikuwa mapacha, mmoja akafa mapema. Hata saratani ya mama inaweza kuvuruga majibu.

Sasa hesabu, walimu wenzangu msikimbie. Tuseme hali fulani inampata mtoto 1 kati ya 10,000, na kipimo kinapatia mara 99 kati ya 100. Pima wajawazito 10,000. Yule mmoja karibu hakika utampata. Ila kati ya wale 9,999 waliobaki, kama 100 wataambiwa mtoto ana tatizo, kumbe hana. Wanaolia nyumbani ni 101, mwenye sababu ni mmoja! Na kipimo bado "kinapatia 99%".

Haya siyo ya ubaoni tu. Kwa Down, ambayo si adimu hivyo, kipimo kinafanya kazi vizuri, hasa kwa akina mama wenye umri mkubwa. Lakini makampuni yakaongeza hali adimu sana. Januari 2022 gazeti la New York Times likaonyesha kuwa kwa baadhi ya hali hizo, majibu ya "ana tatizo" yalikuwa ya uongo kama mara 85 kati ya 100. Aprili mwaka huohuo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikatoa onyo, ikisema wapo waliotoa mimba kwa kutegemea majibu hayo peke yake, bila kipimo cha kuthibitisha.

Hapo mwenzangu alinyamaza. Mimi pia.

Kipimo hiki kilizaliwa kuwa cha kuchuja: kinaonyesha nani aendelee kwenye kipimo cha kuthibitisha, ambacho mpaka leo ni sindano ileile au kuchukua kipande kidogo cha kondo. Kosa likaingia pale chujio lilipoanza kusomwa kama hukumu. Kwa hiyo dada, shemeji au rafiki yako akipewa karatasi hiyo, usimuulize kipimo kinapatia asilimia ngapi. Muulize, "Kati ya wote walioambiwa kama wewe, wangapi ilikuwa kweli? Na umethibitisha?"

Haya, narudi kwenye asainmenti. Tupo pamoja.