Harufu Hutangulia, Mkono Hufuata

Shangazi yangu alikuwa fundi wa kutunga vikuba vya asumini. Siku moja ncha ya leso yake iliungulia kwenye chetezo cha udi. Nyumba nzima tuliisikia harufu, yeye hakusikia kitu. Tulicheka, tukasema ni utu uzima.

Kisha bega la kulia likaanza kumuuma. Alikandwa kwa mafuta ya simsim miezi na miezi. Miaka ikapita, ndipo mkono wa upande ule ule ulipoanza kutetemeka, na wapo waliosema ana jini. Daktari hakuanza na mkono. Alimuuliza: "Mama, harufu wasikia?"

Maradhi hayo huitwa Parkinson, kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeyaeleza mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa viungo, hufa kidogo kidogo. Lakini sehemu za ubongo zinazopokea harufu huweza kuathirika mapema. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupoteza harufu miaka kadhaa kabla ya kutetemeka. Wengine huhisi ganzi, miguu kuwaka moto, au bega kukakamaa na kuuma, wakatibiwa baridi yabisi.

Tusitiane hofu. Mafua, Korona na umri pia huondoa harufu, na mabega mengi huuma kwa kazi. La kutazama ni dalili zinapokutana: harufu imepotea bila mafua, choo kigumu cha muda mrefu, mtu kupiga mateke na kelele usingizini, mwandiko kuwa mdogo, mkono mmoja kutocheza anapotembea. Hapo apelekwe kwa daktari, ikiwezekana wa mishipa ya fahamu.

Tiba ya kuyaondoa kabisa haijapatikana. Hata hivyo levodopa, dawa inayotumika tangu miaka ya 1960, hulegeza viungo, na mara nyingi maumivu ya ukakamavu hupungua. Harufu kwa kawaida hairudi. Kwa hivyo nyumbani mwengine ndiye anuse maziwa na kuangalia mtungi wa gesi. Na Ramadhani ikikaribia, daktari aulizwe kabla ya kufunga, kwani kukata dawa ghafla ni hatari.

Shangazi bado hutunga asumini, polepole. Akimaliza hunipa ninuse, nimwambie kama yanukia. Sicheki tena.